Karata Nzuri, Uitupe Lini? Mwongozo wa Poka ya Mashindano

Mmebaki watu wanne, na wenye kupata pointi ni watatu. Kila mmoja ana kete 2,500. Wa mwanzo kusema katia kete zake zote. Wewe unainua pembe ya karata zako: ree ya kopa na mfalme wa shupaza. Usiku mzima hujashika kitu cha maana, na sasa hiki hapa. Unafuata au unatupa?

Kwenye baraza letu la Machomanne, Chake Chake, wengi hufuata kabla aliyetia hajamaliza kusukuma kete zake. Mimi ni wa kutupa, isipokuwa nikimjua aliyetia kuwa ni mtu wa kutia ovyo. Wenzangu hudhani ni woga. Ni hesabu tu, tena hesabu ya sehemu, ile ile tuliyosoma skuli.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari Texas Hold'em inavyokwenda: karata mbili mkononi, tano mezani, na madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, yanayozunguka watu. Mifano nimeichukua kwenye ligi yetu, kwa hiyo ijue kwanza. Tunakaa watu kumi baada ya isha, kila mmoja na kete 1,000 za plastiki, jumla 10,000. Kete zikikwisha umetoka. Wa kwanza huandikiwa pointi 50, wa pili 30, wa tatu 20, waliobaki sifuri. Hakuna senti inayowekwa mezani. Kamari hatuitaki, na anayeitaka akatafute baraza jingine. Wa mwanzo kutoka huosha vikombe vya kahawa, basi.

Hatua ya 1: Jua mnagombea nini kabla hujaangalia karata

Hili ndilo linalowapita wengi, hasa tuliokulia kwenye wahedi wa sitini, ambako ree ya turufu haiachwi hata nyumba ikiwaka moto. Kwenye poka ya mashindano, kete si pointi. Kete ni njia ya kufikia pointi, na bei yake hubadilika kila mtu anapotoka.

Mwanzo wa usiku, mkiwa kumi na kila mmoja ana kete nyingi kuliko madau, pointi ziko mbali. Hapo kete moja unayoshinda na kete moja unayopoteza zinakaribia kuwa na uzito sawa, na huna sababu ya kutupa karata kubwa. Kuna watu wakishika wafalme wawili wanaanza kuota ree mbili kwa mwenzao. Hesabu inasema hivi: wewe ukiwa na wafalme wawili, uwezekano wa mtu mmoja maalumu kuwa na ree mbili ni kama mara moja katika 204. Hata mkiwa kumi mezani, uwezekano kuwa yeyote kati ya wale tisa anazo haufiki mara 5 katika 100. Cheza wafalme wako. Mwaka 2016, kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker kule Las Vegas, William Kassouf alitoka nafasi ya 17 akiwa na wafalme wawili, mbele ya Griffin Benger mwenye ree mbili. Hutokea, na ikitokea huna la kujilaumu.

Mambo yanageuka pale anapobaki mtu mmoja au wawili wa kutoka kabla ya pointi. Mwongozo wote unaofuata ni wa wakati huo.

Hatua ya 2: Hesabu kete za watu, si zako peke yako

Tazama vitu vitatu: kete zako, kete za aliyetia, na kete za mnyonge kuliko wote mezani. Zipime kwa dau kubwa. Dau kubwa likiwa 200 na wewe una 1,000, una madau matano tu. Wewe ndiye mnyonge, na karata nzuri ukiipata usichague sana, kwani mzunguko mmoja tu wa madau utakula karibu theluthi ya ulichonacho.

Lakini kama mnyonge ni mwingine, ana kete 150, na dau kubwa la 200 linamfikia mkono ujao, basi huyo keshakaribia mlango. Kugombana na mwenye kete nyingi sasa hivi ni kumfanyia hisani mtu wa kete 150. Yeye anakaa kimya, anakunywa kahawa yake, anaomba Mungu mgombane.

Mgongano mbaya kuliko yote ni wa wakubwa wawili wakati wanyonge wapo. Ukiwa wa pili kwa kete, mtu pekee wa kumwogopa ni wa kwanza, maana ndiye anayeweza kukutoa kwa mkono mmoja.

Hatua ya 3: Pima unachoweka rehani na unachotafuta

Turudi kwa wale wanne wenye 2,500 kila mmoja. Njia ya hesabu ninayotumia, ya kugeuza kete kuwa pointi, wachezaji huiita ICM. Msingi wake ni kanuni ya David Harville, aliyoichapisha mwaka 1973 kwa ajili ya mbio za farasi, na baadaye watu wa poka wakaichukua. Inasema hivi: nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni sawa na sehemu yako ya kete zote. Ukitaka nafasi ya kuwa wa pili, mchukulie mwingine kuwa keshakuwa wa kwanza, toa kete zake, halafu angalia sehemu yako katika zilizobaki.

Sasa hivi mko sawa wanne. Pointi zote ni 100, kwa hiyo kila mmoja amekalia pointi 25.

Ukifuata ukashinda, unakuwa na 5,000, na wawili waliobaki wana 2,500 kila mmoja. Nafasi ya kwanza: nusu. Nafasi ya pili: kila mmoja wa wale wawili ana robo ya kuwa wa kwanza, akiwa wa kwanza, zinabaki kete 7,500 na zako ni 5,000, yaani theluthi mbili. Robo mara theluthi mbili, mara watu wawili, unapata theluthi moja. Nafasi ya tatu ni kilichosalia, sehemu moja ya sita. Zidisha kwa pointi: nusu ya 50 ni 25, theluthi ya 30 ni 10, moja ya sita ya 20 ni 3.3. Jumla 38.3.

Hebu soma tena. Kete zako zimeongezeka mara mbili, lakini thamani yako imetoka 25 ikafika 38 tu. Ukishindwa, 25 zote zimekwenda. Unaweka rehani pointi 25 ili upate 13.

Ili biashara hiyo isiwe ya hasara unatakiwa ushinde mara 65 katika 100. Madau ya lazima yaliyokwisha kuwekwa katikati yanakupunguzia kidogo, kama mara moja au zaidi kidogo; ihesabu kuwa 64. Kwa hesabu ya kete tupu, ambayo ndiyo iko vichwani mwa wengi, 50 zingetosha.

Sasa ziangalie karata zenyewe. Hivi ndivyo zinavyoshinda mbele ya mtu mmoja aliyetia bila hata kutazama alichoshika:

Ree mbili, mara 85 katika 100.
Wafalme wawili, 82.
Mabibi wawili, 80.
Maghulamu wawili, 77 na nusu.
Kumi mbili, 75.
Tisa mbili, 72.
Nane mbili, 69.
Saba mbili, 66.
Ree na mfalme wa rangi tofauti, 65.

Ile ree na mfalme uliyoisubiri tangu isha, mbele ya mtu aliyetia akiwa amefumba macho, inafika mstarini tu. Na watu hawatii wakiwa wamefumba macho. Mpe aliyetia mkono wa mtu mchangamfu: pea yoyote, ree na chochote, au picha mbili. Ree na mfalme yako inashinda kama mara 63. Mpakani hasa. Mpe mkono wa mtu mwenye akili zake, tuseme pea kuanzia saba, ree na ghulamu kwenda juu, na mfalme na bibi: inateremka mpaka 55 hivi. Tupa.

Mabibi wawili, wafalme wawili na ree mbili kwenye hali hiyo hiyo usitupe. Nasema wazi kwa sababu kuna watu wakisikia habari hizi wanakuwa wachamungu wa karata, wanatupa kila kitu mpaka madau yanawamaliza wakiwa wamekaa.

Hatua ya 4: Jiulize ni nani aliyetia, na hesabu mikono yake

Chukua maghulamu wawili. Ami yangu ni mchezaji wa zamani wa dhumna, mtu wa subira, anaweza kukaa saa nzima bila kupandisha. Usiku mmoja dau dogo ni 100 na kubwa 200. Ami, ambaye ndiye wa mwanzo kusema, anatia kete 1,800 zote. Nyuma yake wako watu wote. Mimi nina maghulamu wawili na kete za kutosha.

Ami hatii hapo kwa saba mbili. Namjua. Anatia kwa mabibi, wafalme, ree, au ree na mfalme. Basi nahesabu njia za kuzipata. Pea yoyote hutengenezwa kwa njia 6, kwani karata ziko nne na unachukua mbili. Pea tatu, njia 18. Ree na mfalme ni nne mara nne, njia 16. Jumla 34. Katika 34 hizo, 18 zimekwisha kunipita, na mbele yake nashinda chini kidogo ya mara moja katika tano. Mbele ya zile 16 za ree na mfalme natangulia kidogo, kama 56. Ukizichanganya, maghulamu wangu wanashinda mara 36 katika 100.

Je, 36 zinatosha? Katikati mna 300 za madau na 1,800 za ami, jumla 2,100. Natakiwa nitoe 1,800. Gawa 1,800 kwa 3,900, unapata 46. Nina 36, nahitaji 46. Hapa hata habari ya pointi sijaigusa. Kwa kete tupu tayari ni kutupa.

Angetia jirani yetu muuza samaki, ambaye anatia akiwa na ree na nne kwa sababu tu kahawa imekolea, ningefuata haraka. Karata ni zile zile. Aliyebadilika ni mtu.

Kitu kimoja cha kukumbuka katika kuhesabu njia: karata ulizoshika wewe mwenzako hana. Ukiwa na ree na mfalme, njia za yeye kupata ree mbili zinashuka kutoka 6 hadi 3, na za wafalme wawili vile vile. Ndiyo maana, mbele ya watu wanaofuata kwa karata kubwa tu, ree na mfalme inaweza kuwa nzuri zaidi kwa kutia kuliko maghulamu, ingawa kwa macho ya haraka pea inapendeza.

Hapo kwenye kutia pana jambo lake. Anayetia wa kwanza ana njia mbili za kushinda: wote watupe achukue madau, au afuatwe na karata zimsaidie. Anayefuata ana njia moja tu. Kwa hiyo usishangae kuwa ree na mfalme niliyokwambia uitupe ukitiliwa, nakwambia uitie wewe kama wote kabla yako wametupa. Tena ukitia wakati watu wanaogopa kutoka bila pointi, wao ndio wanaokwama kwenye hesabu ya 25 kwa 13. Mzigo umewatupia wao.

Hatua ya 5: Usiku wa tiketi, tupa hata ree mbili

Mwisho wa msimu baraza letu hupeleka watu watatu Unguja kucheza na wenzetu wa kule. Nafasi ni tatu na zote ni sawa. Hakuna wa kwanza wala wa tatu, boti ni ile ile na kiti ni kile kile. Mashindano ya namna hii yapo duniani kote, na ndiyo yaliyomfikisha Chris Moneymaker wa Marekani kwenye ubingwa wa World Series of Poker mwaka 2003: aliingia kwa tiketi aliyoishinda mtandaoni kwenye mashindano ya dola 86.

Mkiwa wanne, nafasi tatu, kete sawa, kila mmoja ana robo tatu ya tiketi. Ukifuata ukashinda unapata tiketi nzima. Kwa hiyo unatakiwa ushinde mara 75 katika 100. Rudi kwenye orodha: mbele ya mtu anayetia ovyo kabisa, kumi mbili zinafika mstarini tu, na ree na mfalme haipo hata karibu.

Sasa badilisha kete. Ami ana 4,200, wewe 3,500, fundi seremala 2,150, muuza samaki 150, na mkono ujao dau kubwa la 200 liko juu yake. Ami anatia zote. Unainua pembe: ree mbili.

Ukifuata, kwa makadirio ya kukupendelea, utashinda mara 85, na mara 15 utatoka, kwani ami ana kete nyingi kuliko zako. Ukitupa, ili ukose tiketi itabidi muuza samaki anusurike mkono ujao, halafu anusurike tena na tena, huku wewe ukiteremka kutoka 3,500 mpaka chini yake. Haiwi, labda usiku uwe wa maajabu. Na ukishinda hiyo 7,000 utaifanyia nini? Hupewi tiketi mbili.

Tupa ree mbili. Zitupe kifudifudi, usimwoneshe mtu.

Mkono ujao, muuza samaki akishaingiza zile 150 zake kwa lazima, wewe na ami mkiwa mmefuata, msipandishiane. Mwacheni akabiliane na watu wawili, nafasi ya kumtoa ni kubwa zaidi. Lakini kila mtu afikie uamuzi huo kimoyomoyo. Kusema "ami, tusipandishe" ni kula njama, na kwetu anayefanya hivyo mkono wake unafutwa.

Hatua ya 6: Namna ya kutupa

Chukua muda ule ule unaochukua ukitupa mbili na saba. Ukivuta pumzi, ukatikisa kichwa, ukainua karata mara ya tatu, umeshawaambia wote kuwa wewe ni mtu wa kutupa vizuri, na kuanzia hapo watakutilia kila mkono. Ukiulizwa ulikuwa na nini, cheka.

Na karata za mezani zikifunuliwa baada ya wewe kutupa, usihesabu kama "ningeshinda". Siku ile ya maghulamu, fundi alimfuata ami, na ghulamu akaanguka katika karata tatu za mwanzo.

"Ulikuwa naye wewe?" ami akaniuliza, ananikazia macho.

"Ami, nimiminie kahawa."

Hesabu ilikuwa 36 kabla ghulamu hajaanguka, na ilibaki 36.

Hatua ya 7: Pale ambapo haya yote uyasahau

Aliyetia akiwa na kete chache sana kuliko zako, fuata karibu kama kawaida. Una 4,000, yeye 500: ukishindwa bado una 3,500, na ukishinda wote mliobaki mmeingia kwenye pointi.

Ukiwa wewe ndiye mnyonge, kutupa karata nzuri ukingojea nzuri zaidi ni kungojea madau yakumalize.

Wakitoka watu mkabaki watatu, kila mmoja keshapata 20 zake, na ubanaji unalegea. Maghulamu na ree na mfalme zinarudi kuwa karata za kufuatia. Mkibaki wawili unakwisha kabisa. Pointi 30 hazikutoki tena, mnagombea 20 zilizo juu yake, na kila kete ina uzito sawa na mwenzake. Hapo rudi kwenye 50, toa madau yaliyomo, na mtu akikutilia una ree na mfalme, fuata.